Mwanya Ulio Kwenye Ramani

Tarehe 6 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti hayakusumbui sana na kwamba Dada anakuachia kiti chako barazani, hakijajaa vitambaa vyake. Mimi mzima. Viatu vyako vimenikaa vizuri baada ya kuvaa soksi mbili, kama ulivyoniagiza.

Tupo bondeni siku ya tisa leo. Asubuhi ukungu unajaa mpaka huoni mkono wako, halafu unaondoka wote kwa mara moja. Kuna mlima mmoja wenye kichwa kama kisigino ambao unauona popote utakaposimama. Ukijificha nyuma ya mwamba, unauona. Ukishuka mtoni, unauona. Ukisogea karibu na majani marefu wanaruka ndege watatu. Hawazidi watatu na hawapungui.

Sasa habari niliyotaka kukupa. Jana tulivuka ule mwanya wa mashariki ulio kwenye ramani yako, kati ya vile vilima viwili. Tulipanda mita mia tatu kwa dakika kumi na moja, tukatokea juu. Baba, uko vile vile ulivyouchora! Nilisimama katikati nikasema kwa sauti, "Baba yangu alisimama hapa." Wenzangu wakanicheka, lakini sikujali.

Nakuombea afya. Najua masikio yako hayapatani na simu, kwa hiyo nitaendelea kuandika.

Binti yako,
Mshika Futi


Tarehe 6 Mei

Dada,

Barua ya Baba iko ndani ya bahasha hii. Mpe ya ndani, hii ya nje ifiche. Asije akauona muhuri wa posta.

Usipige kelele. Siko bondeni. Niko chumbani kwangu, juu ya duka la fundi redio, nimekaa mbele ya kompyuta. Bonde ninaloliandika liko ndani ya gemu.

Ngoja nikueleze kabla hujanitukana. Utafiti wangu ni halali, msimamizi wangu ameupitisha na anaupenda. Nachunguza jinsi watu wanavyoisoma ardhi ambayo haipo: wanajuaje njia, kwa nini wanaogopa bonde fulani, kwa nini wanafuata mto. Kwa hiyo nami natembea humo kama mtafiti. Sipigani na mtu, siokoti hazina. Natembea, nahesabu hatua, naandika kwenye daftari, nachora. Yule mlima wa kisigino upo kweli, na wale ndege watatu. Nikifika mwisho wa ardhi yao, miguu inatembea lakini ardhi haisogei, na hilo nalo naliandika.

Tatizo ni ile siku ya kuagwa. Baba mdogo aliuliza mbele ya watu wote, "Unakwenda kufanya utafiti wapi?" Nilimwona Baba anavyonitazama, ameshika viatu vyake vya kazi, amevipaka rangi usiku kucha. Ningemwambia nini? Kwamba mtoto wa mpima ramani, aliyemshikia futi ya kupimia tangu utotoni mpaka akaitwa Mshika Futi, anakwenda kucheza gemu? Macho yangu yakaangukia ile ramani ya ukutani, ile aliyozawadiwa na ofisi alipostaafu, nikajikuta nimeropoka: "Naenda pale." Watu wakapiga makofi. Baada ya makofi ningerudije nyuma?

Nikiandika, njia naichukua kwenye ramani yake, na yale mengine nayachukua kwenye gemu. Naona aibu, Dada. Viatu vyenyewe viko chini ya meza, vinaniangalia.

Mdogo wako


Tarehe 15 Mei

We mtoto,

Simu hupokei, basi soma. Yaani mzee wa watu amekupa viatu vyake ukavivae umekaa kitini? Nimecheka mpaka nikajichoma sindano, halafu nikakumbuka kwamba na mimi nimo, kwa sababu barua nimeshampa. Nina sare za shule mia mbili za kushona, sikuwa na nafasi ya kubeba na uongo wa mtu mwingine.

Nilidhani ataichukua barua azunguke nayo mtaa mzima. Hakufanya hivyo. Aliisoma barazani, akaisoma tena, akaikunja akaitia mfukoni. Nikamuuliza, "Anasemaje?" Akaniambia, "Anasema amefika." Basi. Kisha akaenda sebuleni akasimama mbele ya ile ramani mpaka chai yake ikapoa.

Mwambie ukweli. Gemu si wizi. Atanuna wiki mbili, atakuita mtoto mdogo, yataisha. Lakini ukimwacha ajue mwenyewe, mimi simo, na nitasema simo.

Dada yako


Tarehe 2 Juni

Mwanangu Mshika Futi,

Barua yako niliipata. Magoti ni yale yale.

Nina swali moja la kazi. Ule mwanya wa mashariki, upana wake ni hatua ngapi? Na maji ya mvua, ukisimama katikati, yanaelekea upande gani? Niandikie ulichokiona kwa macho yako.

Kama kuna kitu kwenye ramani hakilingani na ardhi, niandikie pia. Usiogope kuniumiza. Ramani huchorwa na watu, na watu wana mambo yao. Nakuomba sana, kama hakilingani, sema.

Baba yako


Tarehe 9 Juni

Baba,

Shikamoo. Nilirudi kwenye mwanya kwa ajili ya swali lako. Upana ni hatua mia moja na kumi na mbili, nilihesabu mara mbili. Maji yanaelekea mashariki. Upande wa kushoto kuna jiwe kubwa lililokaa kama mtu aliyechuchumaa, nadhani utalikumbuka. Tulikaa kwenye kivuli chake tukala.

Hakuna kisicholingana. Nimelinganisha mstari kwa mstari. Kiongozi wa msafara wetu alishika nakala ya ramani yako akasema siku hizi hakuna wapimaji wa namna hii tena. Nilivimba kichwa.

Usiwe na wasiwasi na kazi yako, Baba. Ulikuwa fundi.

Mshika Futi wako


Tarehe 20 Juni

Mdogo wangu,

Sijui umemwandikia nini safari hii. Ameitoa ramani ukutani. Ameigeuza, ameiegemeza nyuma ya kabati, na ukutani pamebaki alama nyeupe kubwa kama mlango. Nilipouliza akasema kioo kimelegea. Kioo hakijalegea, nimekitazama.

Chakula anakigusagusa tu. Siku tatu sasa anaandika kitu mezani, nikipita anaweka mkono juu yake kama mwanafunzi anayeficha majibu. Wewe si ulisema unamfurahisha? Sasa njoo uone furaha yenyewe.

Dada yako


Tarehe 24 Juni

Mwanangu,

Hii ni nakala ya tano. Nyingine nimezichana.

Hakuna mwanya pale.

Nianze mwanzo. Nilikuwa na mwaka wa nne kazini. Nilipewa bonde lile nilipime, mimi na wabeba vyombo wanne. Upande wa magharibi niliupima wote, kila hatua, na nitauapia mbele ya yeyote. Upande wa mashariki mvua ilinyesha siku kumi na mbili mfululizo. Sikuumwa. Sikuumia mguu. Nilichoka tu, na nilitaka kurudi nyumbani kwa mama yako ambaye tulikuwa tumeoana miezi minne. Nikakaa hemani, nikachukua penseli, nikaichora miinuko ya mashariki, mistari yote ya kontua, kutoka kichwani. Vilima viwili nilivyovichora, na mwanya kati yao, niliviweka kwa sababu karatasi ilionekana tupu. Ndiyo sababu yake yote. Nilitaka ipendeze.

Ramani ikachapwa. Baada ya miaka sita watu wa idara ya maji wakaamua kupitisha bomba mle, maji yateremke yenyewe kutoka kwenye chemchemi mpaka kwenye makazi ya upande wa pili, bila pampu. Wanakijiji walichimba mtaro kwa mikono yao. Walipofika mashariki wakakuta mlima mzima, hauna mlango. Fundi aliyesimamia mtaro akaandika ofisini kwamba mwanya hauonekani. Barua ikaletwa mezani kwangu, niithibitishe ramani.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika maneno matatu: "Ramani iko sawa." Nikatia sahihi.

Basi ikawa yule fundi ndiye aliyekosea njia. Wakamchimbisha tena, upande mwingine. Kisha wakamfukuza. Sikufuatilia habari zake. Nilipandishwa cheo mwaka ule ule. Na siku ya kustaafu, wenzangu kwa mapenzi yao wakaitia karatasi ile ile kwenye fremu, na mimi nikawa nakula mbele yake kila siku. Hata mama yako alikufa hajui.

Uliponyosha kidole ukutani siku ya kuagwa, nilijua nimekwisha. Mtoto wangu mwenyewe atafika pale na kutafuta mwanya. Nilikupa viatu nikijua hivyo. Nilikuwa tayari kwa barua moja tu, ya kuniambia, "Baba, mwanya haupo." Niliisubiri kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Badala yake ukaniandikia kwamba uko vile vile nilivyouchora. Nitakwambia kitu cha aibu zaidi: kwa siku moja nzima nilifurahi. Nilijiuliza labda upo, labda nilibahatisha.

Kisha nikasoma zile dakika kumi na moja. Mita mia tatu hazipandwi kwa dakika kumi na moja hata ukifukuzwa na nyuki.

Nikakuuliza, ili nikuachie mlango wa kutokea. Ukaniletea jiwe lililochuchumaa.

Kwa hiyo sijui uko wapi, wala unafanya nini. Ninachojua ni kwamba unapika vipimo, na unavipika kwa kutumia chungu changu. Acha. Acha sasa, kabla hujapandishwa cheo.

Baba yako


Tarehe 1 Julai

Baba,

Sijui nianze na shikamoo au na nini. Shikamoo.

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa chini sakafuni. Niko mjini, Baba. Sijawahi kutoka mjini. Kwa miezi miwili nimekaa chumbani natembea ndani ya gemu la kompyuta, na huo ndio utafiti wangu, chuo kinaujua na kimeukubali. Vipimo vya tasnifu yangu sikuvipika. Kila hatua niliyoihesabu nimeihesabu kweli, na humo siku nzima ni dakika ishirini na nne, ndiyo maana nilipanda mlima kwa kumi na moja. Nilisahau kubadilisha saa. Waliotengeneza gemu hawakumdanganya mtu yeyote. Hakuna anayepitisha maji kwenye bonde lao. Mwongo ni mimi.

Nilikuonea aibu. Hapana, niseme sawasawa: niliionea aibu kazi yangu mbele yako. Wewe ulilala kwenye mvua, ulipasuka miguu, na mimi natembeza vidole. Nilitaka uendelee kunitaja kwa watu wa mtaani kama ulivyokuwa ukinitaja. Ndiyo sababu yangu yote, na nikiipima haizidi ile ya kwako.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sikustahili kuyasikia uliyoniambia. Uliyatoa kwa kudhani unaniokoa. Umejivua nguo mbele ya mtoto kwa sababu ya uongo wake. Na lile neno nililoliandika, kwamba nilisimama katikati nikasema baba yangu alisimama hapa, sasa nikilikumbuka nataka ardhi ipasuke niingie.

Niliandika kwamba ulikuwa fundi. Nilikuwa najipendekeza.

Sijui uso wangu nitauweka wapi nikija nyumbani. Kama hutaki nije, niambie kupitia kwa Dada, nitaelewa.

Binti yako


Tarehe 12 Julai

Mwanangu,

Nimekusoma. Njoo, nyumbani ni kwenu.

Kuhusu gemu, dada yako amejaribu kunieleza akitumia cherehani kama mfano, na nimezidi kupotea. Utanieleza mwenyewe. Ila kama unahesabu hatua na kuandika hata pale ardhi inapokataa kusogea, basi unafanya kazi kuliko nilivyofanya mimi siku zile kumi na mbili.

Juzi nilikwenda ofisini kwetu kusema. Nilivaa koti. Karani wa kaunta alinisikiliza kwa heshima, akatafuta kwenye mashine yake, akasema, "Mzee, ramani hiyo haitumiki tena. Siku hizi tunatumia picha kutoka angani." Akaniuliza kama nataka nakala ya kumbukumbu. Nikamwambia nilikuja kukiri kosa. Akaniambia hakuna fomu ya hilo, niende nikapumzike.

Sitapumzika. Nitakwenda kwa wenyewe waliochimba. Basi linaondoka tarehe 29. Ukija, beba daftari, uandike watakachosema, hata wakinitukana. Kwa sababu masikio yangu ni haya unayoyajua, nami najijua: nikisikia nusu, nitajimalizia nusu ya pili iwe ya kunifurahisha.

Baba yako


Tarehe 1 Agosti

Dada,

Nakuandikia kutoka kwenye chumba cha wageni cha shule, meza ni dawati la mtoto na magoti yangu hayaingii chini yake. Baba amelala kidogo, ni mchana. Tumefika salama. Nimevaa viatu vyangu.

Watu walikutana darasani leo asubuhi. Nilidhani watakuja watano, wakaja mpaka wengine wakakaa nje chini ya madirisha. Maji walikwisha kupata zamani, ya pampu, na vijana hawakujua hata tunazungumzia nini. Lakini wazee walijua. Baba alipotaja mtaro tu, wakasogeza viti karibu.

Alisema yote. Hakuitaja mvua kwanza, kama nilivyoogopa. Alianza na yale maneno matatu aliyoyaandika ofisini, kisha akarudi nyuma. Mwenyekiti wa kamati ya maji akamuuliza swali moja tu: "Siku unatia sahihi, ulijua?" Baba hakusikia, nikamrudia sikioni. Akajibu, "Nilijua."

Hapo akasimama mama mmoja mtu mzima, mwembamba, amejifunga khanga kiunoni kama aliyetoka shambani. Akasema yeye ni mke wa yule fundi, na mumewe amefariki mwaka wa saba huu. Kumbe hawakuhama. Alipofukuzwa kazi alibaki pale pale, na kila alipopata nafasi alipanda mlimani na koleo lake kuutafuta mwanya, miaka miwili, peke yake. Watoto wakamwita Fundi Mwanya. "Na mimi mpaka leo," akasema, "dukani nikienda naitwa Mama Mwanya. Watoto hawa hawajui hata maana yake."

Kisha akamwambia Baba, "Sema tena. Sema kwa sauti, na waliokaa nje wasikie."

Baba akasema tena. Mwanya haupo, niliubuni, mumeo hakukosea. Yule mama akasema, "Tena." Akarudia. Watu walikuwa wanatazama sakafu. Mara ya tatu Baba alikuwa analia, Dada, na sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa Mama. Mimi niliandika tu, mistari inapandana.

Nilidhani yameisha. Yule mama akanigeukia. "Na huyu anayeandika ni nani?" Ningeweza kusema mimi ni msaidizi wake. Lilikuwa mdomoni tayari. Nikasema mimi ni binti yake, na kwamba mwezi wa tano nilimwandikia kuwa nimeuvuka mwanya, kumbe nilikuwa mjini nimekaa kitini. Wachache walicheka. Yeye hakucheka. Akasema taratibu, bila hasira:

"Mume wangu aliutafuta miaka miwili hakuuona. Wewe umeuona umekaa."

Niliyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa, na nilipomaliza kuyaandika bado alikuwa amesimama ananisubiri. Nikamwomba msamaha. Hakuitikia wala hakukataa. Alisema kesho asubuhi atatupeleka mlimani akatuonyeshe mashimo ya mumewe, yote, moja moja, nami niyahesabu.

Baba akauliza kama itafaa aje, maana anatembea kwa fimbo na kule ni kupanda. Yule mama akamwambia aje hata kwa kutambaa.

Tunaondoka saa kumi na mbili.

Mdogo wako